Onyo Tuliloliandika Shambani

Mpendwa Mayo, mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini siwezi kuanza kukuandikia bila kukuamkia.

Huu ni mwaka wa pili tangu ututoke, na kuna jambo sijapata kumsimulia mtu mwanzo hadi mwisho.

Unakumbuka mwaka wa themanini na sita, redio ilipotangaza kwamba mtambo wa nyuklia umelipuka huko ng'ambo? Watu wa kijiji chetu cha Gede walikuja nyumbani kuniuliza kama upepo ungetuletea sumu ile, maana mimi ndimi niliyesoma. Nilikuwa nimeajiriwa karibuni katika utafiti wa kuwatayarisha wananchi kwa ajali ya mionzi. Mtambo hatukuwa nao, lakini vifaa vya hospitali na viwanda vyenye mionzi vilipita kwa malori kutoka bandarini, na lori likipinduka Mariakani watu hukimbilia kutazama na kuokota. Kazi yangu ilikuwa kutafuta onyo ambalo lingewaokoa.

Onyo la kwanza nililiandika peke yangu, kwa fahari: "Itokeapo dharura ya mionzi, wananchi wote wajikinge ipasavyo." Mkuu wangu wa utafiti alikuja kutoka Nairobi kuona likijaribiwa katika darasa la shule ya msingi. Niliwaalika kina mama wa kijiji. Wewe sikukualika. Ulikuja tu, moja kwa moja kutoka shambani, leso kiunoni, vidole vimebabuka kwa utomvu wa korosho.

Nilipomaliza kusoma, nikauliza kila mtu angefanya nini. Ulisimama wa kwanza.

"Mimi ningetoka nyumbani nikakae chini ya mkorosho," ulisema. "Mionzi si ya jua? Dawa yake ni kivuli."

Mkuu wangu alitabasamu, nami nikaona haya. Nikakuambia, "Mama, tafadhali keti. Haya si mambo ya shamba." Ukaketi. Baadaye mkuu aliponiuliza yule mama ni nani, nilimjibu kwamba ni mkulima wa pale tu. Ulikuwa mlangoni, Mayo. Ulisikia, ukageuka ukaenda zako.

Kumbe mkuu hakuwa amekucheka. Aliwauliza wengine mmoja mmoja, na karibu wote wakajibu kama wewe. Mmoja angevaa kofia, mwingine angemfunika mtoto kwa leso. Hakuna hata mmoja aliyesema angefunga mlango. Onyo langu lingewatoa watu ndani na kuwaweka nje, penye hatari zaidi.

Kesho yake nilikufuata shambani. Nilikuomba radhi nikiwa nimeinamisha kichwa. Ukasema, "Umenikana, na imeniuma. Lakini jana nilisimama kwa sababu sikuyaelewa maneno yale, nikaogopa. Maneno yasiyoeleweka yanaweza kuua watu."

Ukanisogezea kigoda, ukataka nikueleze hatari yenyewe ikoje. Nikakuambia haionekani, hainuki, na mtu haisikii ikimgusa. Ukafikiri. Ukaniambia nisihangaike kuipa jina. Niwaambie watu la kufanya, kama mtu anavyomwambia mtoto wake. Uliwaita Jumwa na Mama Riziki kutoka shamba la pili. Kila nilichoandika nikawasomea, na kila mlichokisikia kizito mkakikataa. Siku ya tatu tulikuwa na maneno haya tu:

"Kilichoanguka usikiguse. Rudi nyuma. Ingia ndani, funga mlango na madirisha. Kama umekigusa, vua nguo, oga kwa sabuni. Sikiliza redio."

Tulikwenda sote, pamoja na mkuu wangu, kulijaribu onyo hilo Mariakani. Lori liliegeshwa kando ya soko, sanduku tupu likaangushwa barabarani, na kipaza sauti kikasoma maneno yenu. Wauza maziwa walirudi nyuma, wakaingia madukani na kufunga milango. Dereva mmoja aliyekuwa amekwisha kulishika sanduku alijitenga mwenyewe, akaanza kufungua vifungo vya shati huku akicheka.

Hapo hapo nikamwambia mkuu wangu, "Yule mama wa Gede niliyesema ni mkulima tu, ni mama yangu mzazi. Maneno haya ni yake na wenzake." Hakunilaumu. Alivuka barabara hadi ulipokuwa umesimama, akakuamkia shikamoo.

Ripoti ilipotoka nilikusomea jina lako kwenye ukurasa wa kwanza. Nilidhani utafurahi. Uliniuliza, "Na Jumwa? Na Mama Riziki?" Ikabidi ukurasa upigwe chapa upya.

Neno nililolisema darasani siwezi kulirudisha. Lakini ulinisamehe ukiwa hai, nami sasa nimeanza kujisamehe. Onyo lenu limebandikwa katika zahanati na vituo vya malori kutoka Mariakani hadi Malindi, kwa Kiswahili na Kigiriama. Sijui kama litahitajika. Naomba lisihitajike. Hata hivyo, nikiwaona watoto wa kijiji jirani cha Dabaso wakilikariri bila woga, moyo wangu hutulia.

Wiki iliyopita Mama Riziki aliwafundisha madereva, peke yake, bila karatasi. Mmoja wao alimuuliza amesomea wapi mambo haya. "Gede," akajibu, "shambani kwa rafiki yangu." Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya wote, naandika anayoyasema.

Lala salama, Mayo.

Binti yako wa kwanza,
Kadzo