Nyasi za Misa Yako na Mbwa wa Baba

Mama, shikamoo. Marahaba nitaipokea kwa imani, kama tunavyopokea mengine.

Kesho ni misa yako ya kutimiza mwaka, na hapa nyumbani Rulenge wageni wataanza kufika asubuhi. Lakini kwanza nina habari utakayoikunjia uso: nyumbani kwako kuna mbwa, tena analala sebuleni.

Usinilaumu mimi. Ulipoondoka, Baba alinyamaza. Ukimsalimia anaitikia kwa kichwa. Ukimwekea chakula anakula bila kusema chumvi imepungua, yeye aliyekusumbua kwa chumvi maisha yote. Niliogopa, Mama. Nilikuwa naongea peke yangu humu ndani mpaka nikaichoka sauti yangu. Kaka yako wa Bugarama alipokuja kututazama akamletea Baba mbwa mdogo, mwekundu, masikio makubwa. Tukamwita Popi. Nje alikuwa analia bila kukoma, Baba akamwingiza ndani.

Akamfundisha mwenyewe. Kila alfajiri na kila baada ya kula wanatoka wawili, wanapotelea nyuma ya migomba, nami namsikia Baba akisema, "Haya bwana mdogo, fanya kazi yako." Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomsikia akiyasema kwa hiari yake. Popi akashika. Hakuchafua tena ndani, na Baba akaanza kuongea, kwanza na mbwa, kisha na mbuzi, mwisho na mimi.

Basi wiki hii nikatandika nyasi sebuleni, kama ulivyokuwa unatandika kwa wageni wa heshima. Nilikata laini, nikachambua miiba, nikatandaza mpaka chini ya viti. Nyumba ikanukia wewe. Nilikaa nikalia kidogo.

Kulipokucha, Popi kakojoa katikati. Nikazoa, nikatandika nyingine. Akarudia, safari hii na haja kubwa. Nikadhani anaumwa. Nikadhani ni deko. Wifi yako, Shangazi Yustina, ambaye amekuja mapema kunisaidia kupika na kunikosoa, akakata shauri: "Mbwa ni wa nje. Arudi Bugarama kabla watu hawajaja." Unamjua akishasema. Baba hakumjibu. Aliinamisha kichwa tu, na ule ukimya ukarudi. Mkojo ningeuvumilia, Mama. Ukimya ule nisingeuweza tena.

Leo mchana, Shangazi ameshatafuta kamba ya kumfungia, ameketi anamsubiri, Popi akaingia kutoka uani. Akanusa nyasi, akazunguka, akachuchumaa mbele yetu sote bila haya. Baba akamtazama weee. Akaokota unyasi mmoja, akaniuliza, "Hizi ulikata wapi?"

Nikamwambia kule chini, nyuma ya migomba, ndiko zilikokuwa laini.

Mama, Baba alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mtoto wa watu ametii," akasema. "Wewe ndiye umemhamishia choo sebuleni." Hata Shangazi akacheka, kisha akakumbuka miguu yake iko juu ya nini, akanyanyuka haraka.

Tumezitoa zote, tumepiga deki kwa maji ya moto na sabuni. Kesho wageni wako watakanyaga saruji tupu, utanisamehe. Kamba imerudi kwa mbuzi. Ila sikutaka ukose nyasi zako, kwa hiyo nimekata nyingine upande wa kisimani, ambako Popi hajafika, nikakuletea wewe. Jioni hii nimezitandaza juu ya kaburi lako. Uliona mwenyewe Baba alivyokuja nyuma yangu, kambeba Popi kifuani kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. "Hapa hapana," alikuwa anamwambia. "Hapa ni kwa mwenye nyumba." Nilitazama pembeni ili asinione ninavyofuta macho.

Sasa pumzika, Mama, mimi nirudi kwenye sufuria kabla wifi yako hajaniita. Nakuahidi nyasi zako nitazibadilisha kila zikikauka. Na mara mojamoja nitapunguza chumvi kwenye chakula cha Baba, apate la kusema.

Mwanao,
Adela