Malkia Wawili, Uwanja Mmoja

Ijumaa, mwezi wa saba, 1974

Upepo umevuma kutwa nzima na vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Nimekaa, nimesimama, nimefagia chumba nilichokifagia mchana, nimekaa tena. Chai imepoa naitazama tu. Kesho ndiyo siku ya mchezo wetu, na moyo wangu haukai mahali pamoja.

Nimeshasema neno langu. Sasa naliogopa.

Ngoja niandike tangu mwanzo, labda nitatulia.

Haya yote nimeyaanzisha mimi. Shuleni kwetu, hapa kwenye njia ya kwenda Mhunze, mwalimu wa Kiingereza ni mimi peke yangu, na kidato cha tatu walikuwa wakisinzia kwenye somo langu bila hata haya. Nikaona niwaletee yule Mwingereza wa kale, mtunzi wa michezo ya kuigiza, aliyeishi karibu karne nne zilizopita na bado akanitoa machozi nilipokuwa chuoni. Kitabu kimoja, darasa zima. Siku ya kwanza walinitazama kama mtu anayewauzia jembe bovu. Lugha yenyewe ilikuwa ngumu hata kwangu, nisiseme uongo.

Nikafunga kitabu. Nikawasimulia ukumbi wenyewe ulivyokuwa: juu hakuna paa, watu wanaigiza mchana juani, na watu wa kawaida wamesimama chini, wamebanana, wanatafuna njugu, wanapiga kelele. Mwigizaji akiwachosha, wanamzomea waziwazi. Hapo darasa likaamka. Masanja, ambaye baba yake anafanya kazi mgodini Mwadui na ambaye sijawahi kumwona amenyamaza, akaropoka, "Mwalimu, mbona hiyo ni ngoma tu!"

Na kweli. Watoto hawa wamekua wakiona Wagika na Wagalu, vyama vyetu vya ngoma, wakishindana kila baada ya mavuno. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na watu wanahamia kule wanakovutiwa. Mwamuzi ni miguu ya watazamaji. Anayebaki bila watu ameshindwa, anafunga virago. Basi Mwingereza wangu akawa mtu wa kwao. Tukaanza kumtafsiri kwa Kiswahili, kipande kwa kipande, wanagombania maneno mpaka kengele inalia na hawaondoki.

Nilikuwa na furaha mno, na furaha ndiyo iliyoniponza, maana mdomo wangu ukishaanza hauna breki. Nikawaambia pia kwamba enzi zile mwanamke hakuruhusiwa kupanda jukwaani. Malkia wote waliigizwa na wavulana waliovishwa magauni.

Nkwimba akanyoosha mkono. Huyu ni binti mrefu, mpole, na ndiye niliyempa nafasi ya malkia, yule anayesingiziwa na mumewe mfalme, kisha anasimama barazani kujitetea. Maneno yote alikuwa ameshayashika. Akauliza, "Sasa wanawake walikuwa wapi, mwalimu?" Nikamjibu walikuwa chini, wanatazama. Akakaa.

Habari ikamfikia mkuu wa shule. Si mtu mbaya, ni mwoga tu, na kesho anakuja afisa elimu pamoja na wazazi. Akaniita. "Kumbe Waingereza wenyewe waliwatumia wavulana! Basi malkia awe Masanja. Msichana asimame peke yake mbele ya wanaume, amjibu mume? Wazazi watasema nini?"

Nilikuwa na majibu tele. Badala yake nikasema eti labda kweli, wazazi wanaweza kukasirika.

Jamani, mimi huyu, mwenye maneno kama redio!

Niliporudi darasani, Masanja mwenyewe akatoa wazo. Washindane kama ngoma: yeye malkia upande huu, Nkwimba malkia upande ule, maneno yale yale, kwa wakati mmoja, watu waamue. Darasa likapiga kelele za furaha. Nkwimba akakubali kwa kichwa. Nami nikashukuru kimoyomoyo, si kwa sababu ilikuwa haki, bali kwa sababu mtu mwingine angeamua badala yangu. Mkuu naye akaona vyema.

Leo alasiri tukafanya. Watu waliokuwa wakirudi kutoka kuuza pamba walisikia kelele wakaingia, uwanja ukajaa. Masanja akatokea amejifunga kitenge, kifuani kajaza pamba, anatembea kwa kunesanesa. Mama yangu wee! Watu walimkimbilia. Walimu wenzangu walimkimbilia. Nami nilicheka mpaka nikashika mbavu, Mungu anisamehe.

Upande wa pili Nkwimba alikuwa ameshaanza. Mbele yake walisimama wanawake wachache na baba yake, ambaye alikuwa amepita na baiskeli. Hakupaza sauti, wala hakuharakisha. Alikuwa anajibu kama mtu aliyetukanwa asubuhi ya leo, nyumbani kwake, na mtu anayempenda.

Masanja akanyamaza katikati ya sentensi. Akamsikiliza. Kisha akapandisha kitenge chake, akavuka uwanja, akaenda kusimama mbele ya Nkwimba kama mtazamaji. Na watu waliokuwa wakimzunguka wakavuka naye. Nkwimba alipomaliza, uwanja mzima ulikuwa upande wake, na hakuna aliyekohoa.

Nikadhani yameisha. Wapi! Mkuu akanijia anatabasamu. "Umeona? Wamemfuata Masanja. Popote aendapo wanaenda. Malkia ni yeye."

Ubaya ni kwamba hakukosea. Walimfuata kweli.

Nikiwa bado nimeduwaa, nikamwona baba yake Nkwimba anakuja. Nikajiandaa kugombezwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba haraka haraka, kama mtu anayeondoa kitu njiani.

"Mwalimu, mama yake huyu nilimpata kwenye ngoma, anacheza mbele ya umati. Mwanangu kupanda jukwaani hakunisumbui. Ninachouliza, mtoto alikuwa anasema jambo zito. Kwa nini umemshindanisha na kichekesho?"

Nikaanza kusema kwamba wazazi...

"Mzazi yupi? Mzazi si mimi? Ni nani aliyekuja kuniuliza?"

Akapanda baiskeli yake, akaenda zake bila kuaga. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Hakuna mzazi hata mmoja niliyemwuliza. Nilikuwa nimejificha nyuma ya watu ambao hawajafungua mdomo.

Nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa mkuu kabla woga haujanirudia. Nikamwambia kesho malkia ni Nkwimba, somo ni langu, na sitaki kuhesabu watazamaji tena. Akasema, "Haya. Afisa akiuliza, utamjibu wewe." Nikasema nitamjibu. Masanja nimempa ufalme, na amefurahi, anasema kile kitenge kilikuwa kinambana.

Kisha nikapita bwenini kumwambia Nkwimba. Nilitegemea ataruka kwa furaha. Alikuwa anakunja nguo zake, hakuziacha.

"Umenipa kwa sababu watu walikuja upande wangu?"

Nikasema hapana.

"Na kama wasingekuja, mwalimu?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nilisita kidogo tu, lakini alikuwa ananitazama usoni na aliona. Akasema asante kwa adabu, akarudi kwenye nguo zake. Ile asante imenichoma kuliko maneno ya baba yake.

Afisa elimu simwogopi tena. Aniulize anavyotaka. Ninayemwogopa ni binti wa kidato cha tatu ambaye kesho atasimama juani kujitetea, akijua kwamba mwalimu wake alisubiri kwanza aone watu wanakwenda wapi.

Kabla ya kengele ya asubuhi nitakwenda kumtafuta. Jibu ni ndiyo, Nkwimba. Hata wasingekuja, ningekupa wewe. Sijui kama utaniamini, na sina haki ya kukulazimisha. Lakini nitasimama chini, mbele kabisa, na wakiondoka wote mimi sitaondoka.