Soksi Juu ya Mchele

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mgongo umekufa. Magunia ya mchele tangu asubuhi, malori mawili. Lakini nimekula vizuri: ugali kama ngumi yangu, mchicha sahani nzima. Kwetu Bungoma ugali huo ni wa mtoto. Nimezoea. Chai bila sukari bado, ila nimekunywa.

Nimeosha miguu, nimekausha katikati ya vidole, nimetazama nyayo kwa kioo. Kioo ni cha Bi Dhahabu, mwenye nyumba. Yeye alianza kuugua sukari kabla yangu. Kila jioni anapaza sauti kutoka upande wake wa ukuta: Wafula! Miguu? Nami: Mizima! Yako? Anacheka. Yangu ya bibi harusi!

Jumanne, 5 Agosti

Kliniki. Sista Jalila amependa kipimo changu cha damu! Kisha akauliza navaa nini kazini. Nikamwambia: juu ya rundo la magunia tunapanda pekupeku. Akaweka kalamu chini. Nyayo zako zimeanza kufa ganzi, akasema, ukichomwa hutasikia. Usikanyage pekupeku hata ndani ya nyumba.

Sasa nifanyeje? Kadenge, kiongozi wa genge letu, hataki kiatu juu ya mchele. Kiatu kimetoka chooni, husema, na hiki ni chakula cha watu. Nami naona ana haki. Lakini nisipopanda sina kazi.

Nimepata akili! Soksi.

Jumatano, 6 Agosti

Soksi za kuchezea mpira, jozi mbili, moja juu ya nyingine. Kadenge ametazama, akaniashiria nipande. Soksi si kiatu. Mansur, mbebaji mwenzangu, naye: Kocha, leo tunacheza na nani? Genge zima limekufa kwa kicheko, hata mimi. Nimebeba siku nzima bila wasiwasi.

Nyumbani soksi ya kulia imekataa kutoka. Nikaweka kioo. Kipande cha sindano ya kushonea magunia! Kimepita soksi zote mbili, kimezama kisiginoni. Damu imeshakauka. Sikusikia chochote. Nimekanyaga chuma huku nacheka.

Wafula! Miguu?

Nikazidi kukitazama kile chuma.

Mbona kimya?

Nikamwita. Amesimama mlangoni, ametazama, hakunigombeza. Usikivute, mwanangu, amesema. Ameenda kuita tuktuk mwenyewe.

Ijumaa, 8 Agosti

Kisigino kimefungwa. Sista alikitoa kile chuma, akaosha kidonda, akanidunga ya pepopunda, akanipa vidonge. Amesema Jumapili jioni nifungue na kutazama. Kidonda kikiwa kikavu, nitarudi kazini polepole, na viatu. Kikiwa na usaha au weusi, niende hospitali kubwa bila kungoja.

Baba alikatwa mguu kwa jambo dogo kama hili. Mbeba magunia wa mguu mmoja sijapata kumwona.

Nimelala mchana. Raha yake! Sijui lini nililala mchana mara ya mwisho.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamekuja! Kadenge na Mansur, na kifurushi. Ndani viatu vipya vya raba, soli nyeupe kabisa. Nikataka kusimama nivijaribu. Kadenge akaruka: We! Visiguse chini! Hivi havijakanyaga popote wala havitakanyaga. Vitatundikwa ghalani. Ukae juu ya gunia la kwanza, uvae hapo, uvue hapo. Ni vya mchele tu.

Genge zima limechanga, na mimi niliyedhani Kadenge ana moyo wa jiwe. Nimevipima nikiwa kitandani, miguu juu kama mtoto anayebadilishwa nepi. Mansur amecheka mpaka Bi Dhahabu akaja kuuliza kuna nini. Mansur ameshaviandika jina kwa kalamu ya rangi: KOCHA.

Cha kushoto kimenikaa sawasawa. Cha kulia hakikuingia, kwa sababu ya bandeji.

Jumapili, 10 Agosti

Uji wa wimbi bila sukari, samaki wa kuchemsha kutoka kwa Bi Dhahabu. Nimeshiba vizuri.

Maji ya uvuguvugu tayari. Kioo nimekiegemeza kwenye ndoo. Raba ya kulia iko kitandani, juu ya gazeti. Nimefungua bandeji mzunguko wa kwanza. Hakuna harufu. Wa pili. Nimeacha kidogo niandike hili.

Wafula! Miguu?

Mmoja mzima, Bi Dhahabu! Wa pili ngoja!

Haya. Nipo hapa hapa ukutani, siondoki.

Umebaki mzunguko mmoja. Kitambaa kimeshika kidogo. Naweka kalamu chini, nivute polepole.