Masaa Matatu ya Abdilatif

Jumanne, 4 Machi 2025

Nyota yetu imewaka jana usiku, na mimi sikuwepo! Siku ishirini napanda na darubini juu ya paa la chuo, nakula vumbi. Jana tu nikamwomba Abdilatif anishikie zamu, nikafuturu kwa mama. Usiku huohuo! Setilaiti imeona eksirei zikiruka, wenzetu wa Afrika Kusini wameinasa kwa redio. Na mwanga wa kawaida kaupata nani? Yeye. Mwanafunzi wangu wa juzi. Hata darubini nilimfundisha mimi kuishika.

Dakta Yarrow, mkuu wetu, kamsifu mbele ya idara nzima. Mimi nikasema hongera, basi. Wivu tupu, na huku nimefunga.

Alhamisi, 6 Machi

Imekuwa kubwa zaidi. Eti mwanga wetu ulifika kilele masaa matatu baada ya eksirei. Dakta anasema nyota hii haijawahi kuonekana ikichelewa hivyo, huenda gesi yake inayonyonywa na nyota mfu iliyo jirani nayo ndiyo inapata moto polepole. Jumamosi Abdilatif atawaeleza wenzetu wa nje kwa mtandao. Yeye! Mimi miaka sita hapa, hata nafasi ya kuwasalimia sijapewa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua faili lake. Nilitafuta kosa, nakiri. Nimelipata! Kompyuta ilikuwa kwenye saa ya Garissa. Wote tunaandika saa ya Greenwich – sisi tunapunguza matatu. Hakupunguza. Nyota haikuchelewa hata dakika. Masaa matatu kamili, na hakuna aliyejiuliza kwa nini kamili!

Nimecheka peke yangu kama mwehu. Baadaye Abdilatif akachungulia mlangoni, akauliza kama nimeona tatizo lolote kwenye kazi yake. Nikasema hakuna. Uongo, mchana wa Ramadhani! Lakini mwache aaibike. Kidogo tu. Mpanda ngazi hushuka.

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano saa kumi. Saa tisa u nusu Abdilatif kaja mezani kwangu na kompyuta, midomo imekauka kwa saumu. Kanionyesha ukurasa wa kwanza wa ripoti. Jina la kwanza – Weris. Langu! Lake linafuata.

"Abayo, dada yangu, zamu ilikuwa yako. Mimi nilishika tu. Wewe ndiye utaeleza."

Nikaanza kumwambia tusubiri, tuangalie saa tena. Akatabasamu.

"Jana ulisema hakuna tatizo. Wallahi, hapohapo nikawatumia wote ripoti."

Wote! Nimesema nafuata miwani stoo. Nimejifungia humu, naandika kwenye goti. Nikisema, watauliza nilijua lini. Nikinyamaza, kosa ni langu, na jina liko juu. Astaghfirullah, nilimtakia yeye!

Dakta anaita kwamba wameshaingia. Sasa Abdilatif anagonga, kwa upole, kama mtoto wa watu. Anasema kila mtu yuko tayari, na wanataka nianze na yale masaa matatu.