Mwalimu Mwikali na Njia ya Mwambani

Mwaka umetimia, Mwikali, tangu tulipokurudisha Mutomo na kukulaza kando ya baba yako, Machi 1985. Figo zilikuwa zimekuelemea tangu Krismasi. Hukupenda watu wakae wakilizungumza jambo hilo, kwa hiyo tunaliacha hapo.

Wengi walikujua kama mwalimu wa darasa la tano pale Ngomeni. Ulifika mwaka 1974, mumeo Joram alipopata kazi kwenye mashamba ya chumvi, binti yenu Mapenzi akiwa na miaka mitatu. Ulikuwa hujaiona bahari. Asubuhi ya kwanza ulikuta maji yamekupwa, mchanga mtupu mpaka mbali, ukamuuliza Joram kama bahari imehama. Alikucheka wiki nzima.

Uoga wa maji haukukutoka. Lakini uliona watoto wa darasa lako wakisoma habari za theluji na mito ya nchi za watu, na hapakuwa na kitabu hata kimoja kilichotaja mikoko iliyoota nyuma ya shule. Ukaanza kuandika mwenyewe, viatu umevining'iniza shingoni, mwavuli kwapani, kwa penseli kwa sababu wino ulichuruzika ukipata maji ya chumvi. Uliwauliza watu mpaka wakachoka: mkandaa unatofautianaje na muia, kaa yule mwenye gando moja kubwa anampungia nani, ndege wanaojaa kwenye matope mwezi wa kumi hutoka wapi. Uji wa jikoni uliungua mara nyingi kwa ajili ya ndege hao.

Aliyekufundisha zaidi ni Bi Mwanasiti binti Mbaruk, ambaye wazee wake walitoka visiwa vya kaskazini. Kila bamvua, maji yanapokupwa kupita kawaida, alikwenda kwa miguu hadi mwambani kutafuta pweza, na kwa kazi hiyo alilea watoto wanne peke yake. Alikuchukua. Penye maji ya magotini alikushika mkono, na mlipofika akakuonyesha jinsi nyumba ya pweza inavyotambulikana kwa maganda anayoyatupa mlangoni akishakula.

Mwaka 1980 ukaandika habari za mwamba ule gazetini. Yalikuwa makala mazuri. Hata leo hatusemi vinginevyo. Ulieleza kila kitu, na njia pia: upite wapi kwenye mikoko, usubiri maji yafike wapi, ulielekee jiwe gani. Baada ya miezi miwili wakaja watu kutoka mjini na gari na mitaimbo. Waliuvunja mwamba siku tatu, wakabeba pweza, wakabeba na simbi za kuwauzia watalii, wakaenda zao. Mmoja alikuwa na kipande cha gazeti mfukoni.

Ulikwenda kwa Bi Mwanasiti siku ile ile waliyoondoka. Alikuwa barazani akisuka ukili wa mkeka, hakuinuka.

"Shikamoo, Bi Mwanasiti."

"Marahaba. Mwalimu, mimi nilikuonyesha wewe. Sikulionyesha gazeti."

Ulirudi nyumbani hukula. Kwa muda wa mwaka na nusu aliitikia salamu yako njiani, akapita.

Kitabu chako kilipokamilika, wachapishaji wa Nairobi walikikubali, na barua yao ilisema kwamba sura ya mwamba ndiyo iliyowapendeza kuliko zote. Wewe ukaamua kuiondoa. Joram alikusihi. "Miaka minane, Mwikali. Badilisha majina tu, yaishe."

"Nikibadilisha majina, njia itabaki ile ile," ulimjibu.

Ukaiondoa, na wao wakaurudisha mswada wote. Tulikuona ukiufungua mfuko wa mswada mezani, ukaufunga tena kwa uzi wake, ukaenda kusahihisha madaftari.

Siku chache baadaye uliichukua ile sura ukaenda nayo kwa Bi Mwanasiti. Ulimwambia umekuja kuomba radhi, na kwamba akitaka aichome. Yeye akasema, "Soma kwanza." Ukamsomea yote barazani kwake. Alikukatiza mara moja tu.

"Hapo umekosea. Pweza jike akishataga hatoki tena kula. Anayalinda mayai mpaka afe. Ndiyo maana huyo mimi simchukui."

Ukaandika pembeni kwa penseli. Ulipomaliza akasema, "Ya pweza yaandike. Njia iache." Akamwita binti yake alete kahawa.

Miaka miwili iliyofuata uliiandika upya sura hiyo, ukaenda naye mwambani kila bamvua ulipopata nafasi. Wachapishaji wengine walikichukua kitabu. Uliisoma barua yao ukiwa kitandani, ukaikagua tahajia yake. Kitabu chenyewe kilitoka Septemba, nawe hukuwepo. Mapenzi alikipeleka kwa Bi Mwanasiti, akamsomea sura ile. Bi Mwanasiti hakumkatiza hata mara moja.

Mwezi uliopita bwana mmoja alifika Ngomeni na kitabu chako mkononi, mtu mpole, akaelekezwa kwetu. Alitaka kuuona mwamba. Alikuwa amezunguka ufukweni asubuhi nzima, akifungua kitabu na kukifunga. Joram alimkaribisha chai, akamwambia hajui njia. Ilikuwa kweli. Miaka yote ile hukumpeleka.

Wanaokukumbuka ni mumeo Joram Kioko, binti yako Mapenzi, mama yako Kavata, kaka yako Musau na jamaa wote wa Mutomo, Bi Mwanasiti na wanawe, na walimu wenzako wa Ngomeni.

Hutoki midomoni mwetu, Mwikali, wala mioyoni.