Nashiba Sokoni, Ayyo Anashinda Njaa kwa Ajili Yangu

Mpendwa mshauri, salaam aleikum. Naomba msaada wako, na naomba usitaje jina langu, ya wengine nimeyabadilisha, maana Isiolo yetu ni ndogo na maneno hapa yana miguu.

Nina mimba ya miezi saba, ya kwanza, na mume wangu Jarso ananunua mbuzi huko Merti na kuwapeleka Nairobi, kwa hivyo mara nyingi hayuko, na aliyekuja kunitunza ni mama yake, sisi tunamwita Ayyo, ametoka Korbesa kwa ajili yangu tu, na tafadhali usifikirie ni mama mkwe wa yale masimulizi ya mama wakwe, huyu ananikanda mgongo, ananiombea kila swala, shida ni moja tu, hataki nile. Kwetu Waborana wazee husema mwenye mimba akila sana mtoto anakuwa mkubwa na kukwama, na Ayyo hakuambiwa, aliona kwa macho yake, binti yake Abiba alishikwa na uchungu huko Korbesa wakati wa mvua, mtoto akakataa kutoka, na laga, ule mto wa msimu, ilikuwa imejaa maji gari lisiweze kuvuka, wakafa wote wawili ng'ambo ile ile. Basi mimi napewa chai ya rangi asubuhi, ugali wa kujaza kiganja mchana, uji mwepesi jioni, na nikinyoosha mkono kwa nyama au maziwa ananishika na kusema, "Mwanangu, mimi nimezika msichana moja. Sitazika ingine."

Kliniki nesi alinipima akaniambia damu imepungua, akanipa vidonge, akasema nile mboga za majani, ndengu, maini na matunda, nikatoka pale moja kwa moja mpaka sokoni kwa Kathambi, mama wa Kimeru anayeuza mboga, nikamwambia kila kitu. Tangu hapo nakula kwake, nimekalia ndoo nyuma ya magunia ya viazi nisionekane, ananipikia terere, ule mchicha wao, na ndengu kwa jiko lake, ananikatia embe, na nikisita ananiambia, "Kula, mama. Mvua imenyesha, sasa ndio wakati ya hii terere. Ikifika kiangazi utaitafuta na utaikosa." Halafu nafuta mdomo, narudi nyumbani, nakaa na Ayyo kwenye sinia moja na kumega ugali kidogo kama mtu mwenye njaa. Niliona yeye pia anamega kidogo. Nilidhani ni uzee.

Juzi ameanguka bombani akichota maji. Majirani wakamuinua, wakamuuliza amekula nini, akawaomba mtungi wake, na tulipobaki wawili nikamuuliza mimi, ndipo akasema tangu aje hajawahi kula kunizidi. "Wewe unakaa na njaa, mimi nishibe namna gani?" Nikalia, naye akanifuta machozi akidhani nalia kwa huruma, kumbe nilikuwa na embe la Kathambi tumboni. Mshauri, nikimwambia ukweli ataona nimemdanganya na tena nimejichimbia kaburi, nikinyamaza atakufa kwa njaa ambayo mimi sina, nikiacha kula ni damu yangu na mtoto. Nifanye nini?

Mwenye siri, Isiolo

*

Aleikum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwanza kwa hasira, halafu kwa huruma, na nitakujibu kwa zote mbili.

Kula hujakosea. Kathambi mshukuru, Mungu amzidishie. Lakini umekaa sinia moja na mama wa watu, umeona mkono wake unavyopungua, ukasema ni uzee! Hukuuliza mpaka alipoanguka. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe una miezi miwili tu ya kuendelea kuficha. Na huyo Jarso anayejua bei ya mbuzi kutoka Merti hadi Nairobi na hajui damu ya mke wake, mpigie simu leo arudi.

Sasa Ayyo. Usithubutu kumwambia anachoamini ni ushamba. Aliyezika mtoto hana ushamba, ana woga, na woga wake una sababu. Ni kweli mtoto anaweza kukwama. Lakini njaa ya mama haimfungulii mtoto njia. Inamnyima mama damu na nguvu siku anayozihitaji zaidi. Abiba hakuuawa na chakula. Aliuawa na laga iliyojaa na hospitali iliyokuwa mbali. Mwambie hivyo polepole, kwa Kiborana, umemshika mkono. Mwambie pia kuhusu magunia ya viazi. Atakasirika. Acha akasirike, ana haki.

Wiki hii nendeni kliniki wote wawili. Nesi ampime mtoto mbele yake na amweleze yeye mwenyewe habari ya damu yako. Ayyo naye apimwe, maana mzee akianguka hatusemi ni njaa tu na kumaliza. Utajifungulia hospitali hapa mjini, pale penye chumba cha upasuaji, na Jarso akubaliane mapema na dereva ambaye simu yake haizimwi, mvua hizi si za kuchezea. Ukitoka damu, ukiumwa sana na kichwa, au mtoto akiacha kucheza, usingoje mtu, nenda.

Chakula kipike nyumbani, mchana, mlango wazi. Vidonge vyako meza kama ulivyoambiwa. Terere na kunde ziko tele sasa, zikaange kwa samli, Ayyo samli anaijua kuliko mimi na wewe, ukamulie ndimu juu. Ndengu, nyama kidogo, embe baadaye. Chai iweke mbali na chakula, inaiba faida ya mboga.

Kisha leo jioni, ukishamwambia yote, pakua sinia moja na uiweke katikati yenu. Usimsihi, usimhubirie. Anza wewe, ule mpaka ushibe, na yeye akuone ukishiba. Halafu kaa hapo hapo, usiiondoe sinia mpaka mkono wake nao uingie.