Nyimbo za Zipora kwenye Disketi Moja

Kizota, Dodoma
6 Juni 1999

Mpwa wangu mpenzi Elieth,

Pokea salamu kutoka kwenye vumbi na upepo wa kipupwe. Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujaifungua bahasha. Sisi huku wazima. Wewe je, unakula? Joto la Dar es Salaam humkausha mtu akiwa amesimama, kunywa maji.

Habari kubwa ni kompyuta yangu. Siku nilipoiwasha hapa dukani, taa za gereji zote za Kizota ziliinama kwa heshima. Siku hizi makatibu muhtasi wa Bunge wanapita hapa wakijifanya wanatoa fotokopi, kumbe wanachungulia vidole vyangu. Shule niliiachia darasa la sita, lakini vidole vyangu vina digrii.

Nyimbo za mama yako, dada yangu Zipora, nimemaliza kuzichapa. Unakumbuka madaftari yake yalivyoangukiwa na ukuta, mvua za El Nino. Dada alikuwa ananisomea kwa shida na macho yake yale, kurasa zinamegeka mkononi kama chapati, mimi nachapa, na hakuna ukurasa uliobaki mzima. Kutembea kote kule vijijini, akiwafuata wazee na mazeze yao, sasa kumo ndani ya mashine hii. Na wazee wenyewe wanakwisha. Mzee Bartolomayo wa Mvumi tulimzika Machi.

Tatizo ni moja. Mchapaji wa huko Dar anataka kitabu kipangwe kwa programu mpya, na mashine imeigomea. Ati Windows 95 imezeeka. Imezeeka! Kitu cha juzi! Mimi nimevuka hamsini na bado namwangusha ng'ombe peke yangu. CD ya Windows 98 nimeipata kwa Cornel wa Area C. Nipe maelekezo mafupi, ya kulinganisha tu na yale ninayoyajua.

Mjomba wako,
Yotham


Mwenge, Dar es Salaam
19 Juni 1999

Mjomba,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila masomo yananikaba. Mama anaendeleaje na macho? Ukifika Hombolo nisalimie.

Hongera kwa kazi ya nyimbo. Sasa nisikilize vizuri, mjomba wangu. Diski ya mashine yako ni ndogo na imejaa. Ili 98 ikae, itabidi uifute yote kwanza. Ni kama kuezua tembe: huangushi paa vyombo vikiwa ndani. Kwa hiyo kabla ya yote, toa nyimbo uziweke kwenye disketi. Moja haitatosha, nunua boksi. Halafu uende na hizo disketi kwenye mashine ya mtu mwingine, ufungue wimbo mmoja, uusome kwa macho yako. Usipousoma, usifute chochote.

Au nisubiri, tunafunga chuo Agosti. Mama hana nakala nyingine popote, mjomba. Unalijua hilo.

Mpwa wako,
Elieth


Kizota
3 Julai 1999

Elieth mwanangu,

Hujambo? Huku afya tele, na mama yako hajambo, macho yake ni yale yale. Barua hii nampa kondakta wa basi, maana habari yake haiwezi kungoja posta.

Mjomba wako amewashinda! Wewe na walimu wako mlisema boksi zima. Mimi nyimbo zote nimezitia kwenye disketi MOJA, na nafasi imebaki ya kutia Biblia. Ile picha ya faili la njano pale kwenye kioo, iliyoandikwa NYIMBO, yenye kimshale pembeni, niliivuta kwa kipanya hadi kwenye disketi. Ikaingia kabla sijamaliza kukohoa. Wenzangu wananunua maboksi kwa kukosa mbinu.

Na usidhani sikujaribu. Niliifungua palepale kutoka kwenye disketi: wimbo wa Mzee Bartolomayo huo, mstari kwa mstari, hadi nikasikia zeze lake. Kwenda kuijaribu kwa mtu mwingine nilikataa. Hapa Kizota ukimwonyesha mtu ufundi wako leo, kesho kafungua duka mbele yako.

Basi Jumatatu asubuhi naezua tembe. Nisubiri? Wewe ulizaliwa nikiwa nimeshatengeneza redio ya padri kwa kijiko.

Mjomba wako,
Yotham, Mtaalamu


Mwenge
5 Julai 1999, Jumatatu

Mjomba, shikamoo. Nisamehe siulizi hali.

USIFUTE. Kama barua hii imekukuta hujaanza, toa mikono.

Barua yako nimeisoma stendi, nikakaa chini kwenye mizigo ya watu. Nimepiga simu pale mashine ya kusaga, kwa jirani zako. Mama Evarista akasema umejifungia tangu asubuhi, unafanya kazi ya kitaalamu, na umekataza kugongewa hata na mkuu wa mkoa. Nimemwomba akagonge. Amerudi anasema umemjibu kwa kuimba.

Mjomba, picha yenye kimshale si nyimbo. Ni kibao cha barabarani kinachoelekeza zilipo. Ulipoibonyeza ikakupeleka ndani ya mashine ileile, ndiyo maana ukauona wimbo wa Mzee Bartolomayo. Umeng'oa kibao kilichoandikwa MVUMI ukakitia mfukoni, ukadhani umebeba Mvumi.

Kama umeshafuta, izime. Usiweke 98 wala kitu kingine. Ing'oe diski uniletee kwa basi, mwalimu wangu aipekue. Mama usimwambie chochote kwanza.

Ee Mungu wangu, mjomba.

Elieth


Mvumi
8 Agosti 1999

Mwanangu Elieth,

Natumaini u mzima. Sisi tupo.

Barua yako niliipokea nimekaa mbele ya 98, inang'aa kama sahani ya harusi. Nilikuwa nabonyeza NYIMBO ya kwenye disketi, na kwenye kioo kumetokea kitochi kidogo kinamulika huku na huku, kinatafuta. Nilikiangalia mpaka macho yakauma. Jibu la mwalimu wako kuhusu ile diski niliyokutumia nimelipata pia. Hakuna kitu. Basi.

Ulisema nisimwambie dada. Nilishindwa kukaa nalo. Nilikwenda Hombolo nikamkuta anapepeta uwele.

"Dada, nyimbo zimepotea."

"Zimekwenda wapi, zimepanda treni?"

"Nimezifuta mwenyewe."

Akacheka, Elieth! Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Yotham, mwaka juzi ulimpiga fisi kofi. Mwaka jana ulimfundisha Mzungu Kiingereza. Leo umefuta nyimbo. Njoo ule."

Nikaapa kwa kaburi la mama. Akasema hata kuhusu yule fisi niliapa. Kweli niliapa. Katika maisha yangu sijawahi kuwa na ukweli mkononi nikakosa wa kuupokea.

Akaniwekea ugali na mlenda. Sikunawa. Akatazama sahani, akanitazama mimi, na hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

"Na wa Bartolomayo?"

"Na wa Bartolomayo."

Ungo ukamtoka. Kuku wakaja wakaula uwele wote, hakuwafukuza. Nilitamani anitukane, aniite mbwa, anipige na mchi. Aliingia ndani akafunga mlango, na mimi nikabaki uani na ule ugali.

Asubuhi alitoka amevaa viatu, kitenge amekikaza kiunoni. Akasema, "Tuanze na walio hai."

Sasa tuko Mvumi. Duka nimelifunga. Yeye haoni vizuri, kwa hiyo anayeandika ni mimi, kwa kalamu. Jana tulikaa kwa Bibi Cecilia. Alituimbia wimbo wa kupandia, ule wa kuita mvua, sauti imebaki kidogo kama moshi. Alipofika katikati ukamtoka akilini. Alijaribu kuurudia tangu mwanzo, akafika palepale, akanyamaza, akawa ananitazama mimi kama mtu aliyesahau jina la mwanawe.

Elieth, unanifahamu. Maneno yalikuwa yameshajipanga mdomoni mwangu, mazuri, na vina vimekaa. Dada alikuwa anapuliza moto, hakuwa ananiangalia. Ningejaza, na hakuna mtu duniani ambaye angejua.

Niliacha mistari mitupu mpaka chini ya ukurasa. Nikaandika: hapa amesahau.

Mjomba wako,
Yotham